Vipodozi vya Wigi: Faida Ipo Katika Kuujua Uzi

Mfanyabiashara mdogo anayeanza kuuza wigi kwa kawaida hutumia wiki nzima kuchagua wigi, na dakika tano tu kuchagua mafuta, jeli na spreyi za kuweka kando yake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mtaji imo katika wigi, umakini wote huelekezwa huko. Hata hivyo, mara nyingi vipodozi ndivyo vinavyoamua kama mteja atarudi. Wigi nzuri ikipakwa kisichoifaa hung'aa kama nailoni au hugandana ndani ya wiki mbili, na lawama humwangukia aliyeuza wigi, siyo kopo la mafuta.

Mahitaji ya wateja nayo yamepanda. Mteja wa siku hizi haridhiki na nywele ndefu tu. Anataka wigi ambayo abiria aliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala hataitambua. Kwa wengine suala hili si urembo peke yake. Mgonjwa aliyepukutika nywele kwa dawa za saratani, au mama ambaye nywele za mbele zimeng'oka kwa kusukwa rasta za kubana miaka mingi, anachotafuta dukani ni kwenda kazini na kwenye shughuli za watu bila kuulizwa maswali. Mteja wa namna hiyo akiuziwa vibaya harudi tena, na hasara yake ni kubwa kuliko bei aliyolipa.

Kanuni ya biashara hii ni moja na ni rahisi kuikumbuka: kipodozi hufuata uzi. Muuzaji asiyejua wigi zake zimetengenezwa kwa uzi gani hawezi kujua aagize mafuta gani, kiasi gani, wala amshauri nini mteja wake.

AINA ZA UZI ZILIZOPO SOKONI

Kwanza ni nywele za binadamu. Nyingi kati ya hizi hutoka India na China. Hekalu la Tirumala katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India ni chanzo kimoja mashuhuri: mahujaji hunyoa nywele zao kwa nadhiri, na nywele hizo huuzwa kwa mnada. Kwa upande wa viwanda, mji wa Xuchang katika jimbo la Henan, China, ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kutengeneza wigi duniani.

Unywele wa binadamu una magamba madogo sana yanayolala kuelekea upande mmoja, kutoka shina kwenda ncha. Nywele zilizopangwa shina kwa shina na ncha kwa ncha, ambazo sokoni hujulikana kwa jina la Remy, hazikwaruzani na hubaki laini kwa muda mrefu. Zile zilizochanganywa ovyo, magamba yake hushikana. Ili kuficha kasoro hiyo, baadhi ya viwanda huyaondoa magamba kwa asidi na kuzipaka nywele silikoni. Zikiwa mpya dukani, nywele hizo huteleza mkononi kuliko hata zile bora. Baada ya kuoshwa mara kadhaa silikoni huisha, nazo huanza kufungana mafundo.

Pili ni uzi wa bandia wa kawaida. Unaojulikana zaidi ni Kanekalon, uliotengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani na kuingia sokoni mwaka 1957. Uzi wa aina hii una asili ya plastiki. Mawimbi yake hutiwa kiwandani, na ukiguswa na pasi ya nywele huyeyuka au hujikunja, wala hakuna dawa ya kuurudisha.

Tatu ni uzi wa bandia unaostahimili joto. Huu pia ni plastiki, lakini huvumilia pasi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, ambacho mara nyingi ni kati ya digrii 150 na 180 za Sentigredi. Zipo pia wigi za mchanganyiko, zenye nywele za binadamu na uzi wa bandia pamoja. Kwa hizo, kanuni salama ni kufuata masharti ya uzi ulio dhaifu zaidi.

JINSI YA KUUTAMBUA UZI

Maandishi ya kwenye pakiti si ya kuaminiwa moja kwa moja. Neno "human hair" limekuwa likibandikwa kwenye bidhaa ambazo hazina hata unywele mmoja wa mtu. Mnunuzi wa jumla anayelipia katoni anastahili kufanya jaribio la kiberiti kabla ya kutoa fedha.

Jaribio hilo hufanywa kwa nyuzi mbili tatu tu, zilizong'olewa sehemu ya nyuma ya wigi na kushikwa kwa kibano, mbali na wigi nyingine na mbali kabisa na makopo ya spreyi. Nywele za binadamu zikiungua hutoa harufu ya manyoya ya kuku yaliyobabuliwa, na majivu yake husagika kwa vidole. Uzi wa bandia hujikunja, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Nyuzi zichukuliwe sehemu tofauti za wigi, maana mchanganyiko haujionyeshi kwa unywele mmoja.

Jaribio la pili halihitaji moto. Unywele wa binadamu ukipitishwa katikati ya vidole viwili kutoka ncha kwenda shina, huhisiwa ukikwaruza kidogo. Kutoka shina kwenda ncha huteleza. Uzi wa bandia huteleza sawasawa pande zote mbili. Nywele za binadamu zilizoondolewa magamba nazo huteleza pande zote, hivyo jaribio hili lisitumike peke yake.

KINACHOIUMBUA WIGI

Wigi hujulikana kuwa ni wigi kwa mambo manne, na kila moja lina bidhaa yake ya kuuza.

La kwanza ni mng'ao. Unywele wa kichwani una magamba yanayotawanya mwanga, lakini uzi wa bandia ni laini kama kioo na hurudisha mwanga wote kwa pamoja. Ndiyo maana wigi ya plastiki humeta juani. Dawa yake ni poda kavu kidogo, iwe shampuu ya unga au poda ya kawaida isiyo na mng'ao, inayopakwa kwa brashi laini na kukung'utwa. Kuongeza mafuta ya kung'arisha ni kuzidisha tatizo.

La pili ni ukingo wa mbele na njia ya kitana. Ngozi ya kichwa ina rangi. Wavu mweupe wa wigi hauna. Poda ya uso inayolingana na rangi ya ngozi ya mteja, ikipakwa kwenye njia ya kitana na kwenye ukingo wa wavu, hufanya kazi kubwa kuliko jeli ya bei ghali. Hii ni bidhaa ndogo, haivunjiki, haimwagiki, na duka lenye rangi tano au sita huweza kuhudumia karibu kila mteja.

La tatu ni ugumu. Nywele za asili hutikisika mtu akigeuka. Wigi iliyojazwa jeli au spreyi nzito husimama kama kofia. Povu jepesi la maji hushikilia mawimbi bila kuyagandisha.

La nne ni mafundo, hasa shingoni ambako wigi husuguana na kola ya shati au blauzi. Hapa kinachohitajika ni kitana cha meno mapana na spreyi nyepesi ya kufungulia mafundo, kazi ikianzia kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea shina.

KIPODOZI KIPI KWA UZI UPI

Kwa nywele za binadamu, muuzaji anahitaji shampuu isiyo kali, kondishena, mafuta mepesi na spreyi ya kukinga joto kwa wateja wanaotumia pasi. Nywele hizi haziko tena kwenye ngozi inayotoa mafuta yake, hivyo hukauka na zinahitaji kulishwa kutoka nje. Matone machache yanatosha, na yapakwe kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Sabuni ya mche haifai. Sabuni ya aina hiyo ina ualikali mwingi, wakati nywele huwa salama katika hali ya uasidi kidogo. Ualikali hufungua magamba na kuleta mafundo.

Kwa uzi wa bandia wa kawaida mambo hubadilika. Uzi huu haunywi mafuta. Mafuta ya nazi, ya mzaituni au ya mgando hubaki juu yake, hukusanya vumbi na kuifanya wigi ionekane chafu hata ikiwa imeoshwa jana. Kinachofaa ni shampuu ya wigi katika maji ya baridi, spreyi nyepesi ya maji yenye silikoni kidogo, na povu la maji kwa wigi za mawimbi. Rangi ya nywele ya kawaida haishiki kwenye uzi wa bandia. Kumuuzia mteja rangi kwa ajili ya wigi ya namna hii ni kumuuzia hasara.

Kwa uzi unaostahimili joto, bidhaa ni zile zile za uzi wa bandia, pamoja na sharti la pasi yenye kipimo cha joto. Pasi isiyo na kipimo haifai, kwani huweza kupita kiwango bila mtumiaji kujua. Muuzaji mwenye pasi za vipimo dukani na amwonyeshe mteja namba ya kwenye pakiti ya wigi na namba ya kwenye pasi kabla hajalipa.

Wigi zenye wavu wa mbele zina tahadhari yake, uwe uzi wowote. Kila unywele umefungwa fundo dogo kwenye wavu. Kondishena na mafuta yakifika kwenye mafundo hayo hulegea, na nywele huanza kuchomoka. Aidha, mafuta na spiriti hulegeza gundi inayoshikilia wavu kwenye paji la uso. Mteja anayelalamika kwamba gundi haikai, mara nyingi tatizo lake si gundi bali ni mafuta aliyopaka kabla yake. Muuzaji anayelijua hilo huuza gundi moja na ushauri mmoja, badala ya kurudishiwa gundi tatu.

Hali ya hewa nayo izingatiwe. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unyevu na jasho ni vingi. Jeli zenye gliserini huvuta unyevu huo na kuziacha nywele zikinata. Dodoma wakati wa kiangazi tatizo ni vumbi, na kila kilichopakwa mafuta mazito hulikamata. Bidhaa iliyofanya vizuri dukani kwa ndugu aliyeko pwani huenda isifanye hivyo bara.

Lipo pia jaribio ambalo kila muuzaji anaweza kulifanya kaunta. Jeli na povu, au bidhaa zozote mbili ambazo mteja atazitumia pamoja, zipakwe kidogo nyuma ya mkono na kusuguliwa. Zikitoa chembe nyeupe kama mba, bidhaa hizo hazipatani na zisiuzwe pamoja. Chembe hizo kwenye wigi nyeusi huonekana tangu mlangoni.

HESABU YA MTAJI

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi uzi unavyoamua mzunguko wa fedha. Chukua duka linalouza wigi 40 kwa mwezi, ambapo 32 ni za uzi wa bandia na 8 ni za nywele za binadamu. Kila mnunuzi wa wigi hununua chupa moja ya kipodozi kinachofaa. Mwenye duka ana shilingi 500,000 za kununua vipodozi, na chupa moja humgharimu shilingi 5,000. Kwa hiyo anapata chupa 100. Faida ya kila chupa ni shilingi 1,500.

Akinunua mafuta ya nywele za binadamu peke yake, kwa sababu tu wauzaji wenzake wanayasifu, atauza chupa 8 kwa mwezi. Chupa 100 zitamchukua zaidi ya miezi 12 kuisha. Katika mwaka mzima atauza chupa 96 na kupata faida ya shilingi 144,000. Wakati huo huo wateja 32 kila mwezi watakuwa wanaondoka bila kipodozi, au, baya zaidi, na mafuta yasiyowafaa.

Akinunua spreyi nyepesi ya uzi wa bandia, chupa 100 zitaisha kwa takriban miezi 3, naye ataagiza tena. Katika mwaka atauza chupa 384 na kupata faida ya shilingi 576,000, kwa mtaji ule ule wa shilingi 500,000. Tofauti ya shilingi 432,000 haikuletwa na bei wala matangazo. Imeletwa na kuhesabu wigi za kila uzi kabla ya kuagiza.

Mpango ulio bora kwa duka hilo ni kugawa mtaji kwa uwiano wa mauzo yenyewe: chupa 80 za uzi wa bandia na chupa 20 za nywele za binadamu. Kwa mgawo huo bidhaa zote mbili huisha kwa pamoja baada ya miezi miwili na nusu, hakuna inayolala, na hakuna mteja anayekosa.

Upande wa hasara nao una hesabu yake. Wigi iliyonunuliwa kwa shilingi 45,000 na kuuzwa 60,000 ina faida ya shilingi 15,000. Mteja mmoja akirudisha wigi iliyoharibika na kurudishiwa fedha zake, muuzaji hubaki na wigi isiyouzika iliyomgharimu shilingi 45,000. Atalazimika kuuza wigi nyingine tatu ili kurudi pale alipokuwa. Ushauri wa dakika mbili kaunta ni kinga ya hasara hiyo.

USHURU, VIWANGO NA USAFIRISHAJI

Anayeagiza mwenyewe kutoka nje anapaswa kufahamu kwamba wigi na vipodozi vyake haviingii forodhani kwa namba moja. Wigi na nywele za bandia zimo katika kifungu cha 6704 cha orodha ya kimataifa ya ushuru wa forodha. Vipodozi vya nywele vimo katika kifungu cha 3305, ambamo shampuu na spreyi za kugandisha nywele zina vifungu vidogo vyake. Ankara inayochanganya vyote kwa jina la "bidhaa za saluni" huzua maswali na kuchelewesha mzigo, na mzigo ukichelewa gharama za kuutunza bandarini huongezeka.

Nchini Tanzania, bajeti ya mwaka 2019/20 iliyosomwa Juni 2019 ilileta ushuru wa bidhaa kwa nywele za bandia: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazoagizwa kutoka nje. Kwa kuwa viwango vya kodi huweza kuguswa katika bajeti ya kila mwaka, mwagizaji na athibitishe kiwango kwa wakala wake wa forodha kabla ya kulipa kiwandani, si baada ya meli kutia nanga.

Mwaka huo huo wa 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Kipodozi kisichosajiliwa, hata kikiwa kizuri namna gani, ni mtaji unaoweza kuzuiwa forodhani au kukamatwa dukani. Anayenunua kwa jumla Kariakoo naye asijione salama kwa sababu hakuagiza yeye. Bidhaa hukamatwa ilipo.

Spreyi za makopo ya gesi zina gharama iliyojificha. Katika usafirishaji huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, na kwa ndege masharti na malipo yake ni makubwa kuliko ya chupa za kupuliza kwa kidole. Makopo hayo hayatakiwi kuachwa penye joto linalozidi digrii 50 za Sentigredi, na stoo ya bati isiyo na dirisha, au gari lililofungwa juani, ni mahali pa hatari. Kwa mfanyabiashara mdogo, chupa ya kupuliza kwa kidole hufanya kazi ile ile kwa wigi nyingi bila usumbufu huo.

Muda wa kutumika nao uangaliwe mara mbili. Ipo tarehe ya mwisho, na ipo alama ya kopo lililofunguliwa yenye maandishi kama 12M, maana yake miezi 12 tangu kufunguliwa. Mafuta ya mimea huchacha kwa joto, na harufu ya mafuta yaliyochacha haitoki kwenye wigi kwa urahisi.

KABLA YA KUAGIZA

Mfanyabiashara anayejiandaa kuweka vipodozi vya wigi anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Ahesabu mauzo ya wigi ya miezi mitatu iliyopita na kuyagawa kwa aina ya uzi, akitumia jaribio la kiberiti pale ambapo pakiti haieleweki.

2. Agawe mtaji wa vipodozi kwa uwiano huo huo, na asizidishe akiba ya miezi mitatu kwa bidhaa yoyote.

3. Anunue kwanza chupa chache za kila bidhaa, azijaribu kwenye wigi iliyochakaa, na kuiangalia wigi hiyo juani, siyo chini ya taa ya duka. Mng'ao usioonekana ndani huonekana nje.

4. Ahakikishe bidhaa imesajiliwa, ina tarehe, na lebo yake inasomeka.

5. Aandike kwenye kila wigi, kwa kalamu tu, aina ya uzi na kipodozi chake. Msaidizi wa duka akibadilika, maarifa hayaondoki naye.

Wigi huuzwa kwa mteja mmoja mara moja katika miezi kadhaa. Chupa ya spreyi, povu au mafuta humrudisha mteja huyo huyo kila inapoisha. Muuzaji aliyempa mteja kipodozi kinachofaa uzi wake ana sababu ya kumtegemea arudi, na atakaporudi kwa chupa ya pili ataziona pia wigi mpya zilizoning'inizwa ukutani.